Waliotakiwa Kufa Mlowa Mpya

Mara ya tisa nilipowaua watu wa mnada wa Mlowa Mpya, nilipata thelathini na wanane.

"Hawatoshi," alisema Bwana Kirumbuyo, mkuu wangu wa kitengo, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai ya tangawizi. "Wawili tu, Sechelela. Wawili tu wanakupungukia."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetafuta wachezaji wawili wa kukamilisha timu ya kijiji. Kisha akavuta chai yake kwa sauti, fyuuu, na macho yake hayakubanduka kwenye Kioo. Mle ndani moshi ulikuwa bado unatanda, na mzee mmoja aliyevaa shuka nyekundu alikuwa anatambaa kuelekea kwenye zizi la ng'ombe bila mguu. Nilizima.

Kioo hakitoi picha peke yake. Walioitunga Sheria ya Njama walitaka jaji asihukumu mauaji ambayo hayakutokea huku pua yake ikiwa kavu, kwa hiyo wakaagiza mashine itoe na harufu. Ofisi yetu hapa Dodoma ilinuka nyama choma na kitu kingine kilichoungua pamoja nayo. Sijala nyama tangu mwaka wangu wa pili kazini. Mama yangu anadhani nimeokoka katika kanisa jipya.

Kazi yangu inaitwa mpimaji. Mtu akikamatwa anapanga kuua watu sokoni, stendi, uwanjani au kanisani, polisi huniletea mpango wake wote: michoro, saa, na zana ambayo sheria inanikataza kuitaja. Mimi naulisha Kioo. Kioo kina kumbukumbu za bangili ambazo kila mwananchi huvaa mkononi, kwa hiyo kinajua nani alisimama wapi, lini, na nani. Kinaijenga siku ile kama ambavyo ingekuwa laiti polisi wangechelewa. Mwisho wake kinatoa Idadi Tarajiwa, yaani watu ambao wangekufa, kwa majina.

Hukumu inafuata Idadi. Chini ya arobaini, ni jela, mwaka mmoja kwa kila kichwa. Arobaini na kuendelea, ni Siku. Mfungwa hulazwa kitandani, huvishwa kofia ya Kioo, na huishi siku ile aliyoipanga akiwa mmoja wa wafu wake. Akishakufa, anaamka akiwa wa pili. Wakiisha, wanaanza upya. Anaishi hivyo mpaka mwili wake wenyewe uchoke. Nimewahi kupita katika wodi ile mara moja, mchana kweupe, na sitaki kuieleza.

Mshitakiwa wa safari hii alikuwa Elikana Masinjisa, umri wa miaka thelathini na tisa, aliyekuwa karani wa mnada huo huo wa ng'ombe mpaka alipofukuzwa kwa kuwatukana wanawake wachoma nyama. Alikuwa amepanga kuwaua watu wa mnada Jumamosi. Alikamatwa Ijumaa alasiri, zana ikiwa tayari chini ya kitanda chake. Hakuna shaka hata chembe kwamba alitaka, na hakuna shaka kwamba angejaribu.

Ila nilipoulisha Kioo mpango wake na Jumamosi yenyewe kama ilivyokuwa, nilipata watu wawili. Wawili na mbwa. Sababu ni kwamba alfajiri ya Jumamosi hiyo mzee Chedego wa Mlowa Mpya alifariki, na kule mtu mzima akifa hakuna anayefungua banda wala kufungulia ng'ombe mpaka azikwe. Mnada wote ulihamia msibani. Elikana angefika na unyama wake akakuta uwanja mtupu, vumbi, na wapita njia wawili waliokuwa hawana habari.

"Kanuni ya Kurekebisha," Bwana Kirumbuyo alinikumbusha siku hiyo ya kwanza, kana kwamba ningeweza kuisahau.

Kanuni inasema bahati haimtetei mshitakiwa. Kama mvua ilinyesha ikawaokoa watu, mpimaji anaiondoa mvua. Kama muuaji alikosea barabara, mpimaji anamnyooshea. Kwenye karatasi ni busara tupu. Kwenye kiti changu maana yake ni kwamba mimi, binti wa mwalimu wa shule ya msingi, nakaa kutwa nzima nikitengeneza mipango ya wauaji wazembe mpaka ifanye kazi vizuri.

Kwa hiyo nilimfufua mzee Chedego. Nilifuta kifo chake kwa kidole kimoja, akaamka, akapiga mswaki, watu wakaenda mnadani. Nilimrudishia uhai babu wa watu ili nipate wa kuua.

*

Sheria inamtaka mpimaji akague eneo. Nilikwenda Mlowa Mpya Jumamosi iliyofuata, asubuhi, na bangili yangu ya kazi ya rangi ya njano. Nilikuta mnada umechangamka. Dalali alikuwa anapaza sauti juu ya jukwaa lake, ng'ombe wanasukumana, na upande wa mashariki kulikuwa na safu ya mabanda ya bati ambako wanawake walikuwa wanapuliza majiko.

Mmoja wao aliiona bangili yangu akaniita kabla sijamsalimia.

"We wa njano! Njoo hapa!"

Alikuwa mama mnene mwenye kilemba cha kitenge, kisu mkononi, na paja zima la mbuzi mbele yake.

"Mbukwenyi, mama," nilimsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi. Mimi ndiye Mama Ndahani. Marehemu namba kumi na saba." Alichomoa barua iliyokunjwa kutoka kwenye pindo la kitenge akanisogezea machoni. Barua hizi hutumwa na ofisi yetu kwa kila aliyemo kwenye rasimu ya Idadi, ili ajue haki imesimama upande wake. "Ni wewe uliyeandika hii?"

"Ofisi, mama."

"Ofisi ina mkono? Nakuuliza wewe." Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Nilikufaje?"

Katika miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilijua jibu. Nilijua hata alianguka upande gani. Nilisema sheria hainiruhusu.

"Sheria inakuruhusu kuniua lakini haikuruhusu kuniambia. Haya." Akakata kipande cha nyama kwa hasira. "Unajua mmenitia balaa gani? Tuna kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Mwenyekiti kaja na barua hii hii, ananiuliza mbele ya watu: mama, wewe umeshahesabiwa, sasa siku ukifa kweli tukuzike mara ya pili? Wakacheka. Mimi nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nililia."

"Pole sana, mama."

"Mwanangu, kwetu hata ng'ombe huwanyooshei kidole ukawahesabu. Unawatazama tu zizini, unajua wametimia. Wewe unatuhesabu sisi, tena tukiwa maiti." Hakupandisha sauti. Alionekana amechoka nami kuliko kunikasirikia. "Na ile Jumamosi hapakuwa na mtu hapa. Wote tulikuwa kwa mzee Chedego. Mimi nilikuwa nasonga ugali wa msiba. Huyo Elikana angekuja kumuua nani, nzi?"

Na kwa kuwa yeye ni mtu aliyelelewa vizuri, na mgeni ni mgeni hata akiwa amekukosea, alinivutia kigoda.

"Kaa. Umekonda. Subiri mbuzi aive. Usiende huko juani, hakuna pa kukaa huko saa hizi. Sisi tunaanza kujaa hapa pale nyama ya kwanza inaposhuka jikoni, madume yakishauzwa. Dalali mwenyewe anaacha kazi anakuja. Hapa chini ya bati hutapata hata pa kuweka mguu."

Aliniambia hivyo kwa ukarimu, ili nisikose kiti. Nilishukuru, nikasema sili nyama, nikaondoka. Nikiwa nimeketi kwenye gari la ofisi niliandika saa ile kwenye daftari. Mkono wangu uliandika wenyewe. Sikuutuma.

Jumatatu nilisogeza mpango wa Elikana mbele kwa saa moja na robo, mpaka wakati nyama ya kwanza inaposhuka jikoni. Kioo kilifuka, kikanuka, kikatulia. Arobaini na watatu.

Nilitabasamu. Nasema ukweli, nilitabasamu, kama mtu aliyeikamilisha hesabu ngumu. Uso wangu ulionekana juu ya kioo cheusi, na meno yangu yalikuwa nje.

*

Kabla ya hukumu, mpimaji humsomea mshitakiwa mpango uliorekebishwa, naye huthibitisha kwamba ndio uliokuwa moyoni mwake. Utaratibu huu ulifanyika katika chumba cha mahabusu, saa nne asubuhi, askari magereza mmoja mlangoni na meza ya chuma kati yetu.

Elikana Masinjisa alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Kucha zilizokatwa vizuri, shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Nilipoingia alisimama.

"Shikamoo, mwalimu."

Tulikuwa karibu rika moja. Sikumwitikia. Nilikaa nikaanza kusoma. Alisikiliza akitikisa kichwa taratibu, na nilipofika kwenye saa mpya alipiga meza kwa kiganja.

"Nyama ya kwanza! Ee! Miaka sita nimekuwa karani pale na sikuliona hilo." Alinitazama kwa macho yenye furaha safi. "Umepata wangapi?"

"Hilo utalisikia mahakamani."

"Nisije nikaaibika tu. Wamevuka arobaini?"

"Wewe unajua arobaini ni nini?"

"Najua. Siku." Aliinua mabega. "Lakini mtu akiandikwa wawili na mbwa, atasimama wapi? Hata jela watamcheka."

Nilitaka kuinuka. Nilikuwa na swali moja lililonisumbua tangu mara ya kwanza nilipoufungua mpango wake, na nilijua nikiinuka sitalirudia tena. Mpango ule ulikuwa na kitu nilichokifahamu. Kila muuaji mzembe huangalia milango na njia. Huyu alikuwa ameangalia kivuli: watu wanasimama wapi jua likiwa hapa, wanasogea wapi likihamia kule. Alikuwa amechora mishale midogo yenye mkia uliopinda.

"Mishale hii," nilisema, "nani alikufundisha?"

Alicheka kwa aibu, kama mwanafunzi aliyesifiwa mbele ya darasa.

"Si wewe, mwalimu? Kesi ya stendi, ile ya mwaka juzi. Kielelezo cha kumi na tisa. Nimekisoma mpaka nimekihifadhi. Yule jamaa wa stendi alikuwa bure kabisa, asingeua hata kuku. Lakini ulivyomrekebisha!" Akabusu ncha za vidole vyake. "Nimesoma zote. Ziko thelathini na moja. Nyingine nimeziazima mara mbili."

Zote thelathini na moja ni zangu. Ziko katika maktaba ya mahakama, ghorofa ya chini, ambako mwananchi yeyote anaweza kuingia na bangili yake akasoma, maana wabunge walisema haki iliyofichwa si haki. Kesi ikiwa inaendelea, vielelezo vyake hufungiwa. Hukumu ikishatoka, hufunguliwa. Karani wa maktaba aliwahi kuniambia majalada yangu yanaazimwa sana. Nilidhani ni wanafunzi wa sheria.

"Hii ya kwangu itakuwa namba thelathini na mbili," alisema Elikana. "Ndiyo nzuri kuliko zote. Kuna watu watajifunza."

Akasaini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri wa kikarani.

*

"Umekunywa nini?" Bwana Kirumbuyo aliniuliza nilipomweleza. Alifunga mlango wa ofisi yake kwanza. "Unataka aende jela miaka miwili? Yule? Halafu atoke, arudi Mlowa Mpya na saa yako ya nyama ya kwanza kichwani? Maana umeshamsomea, Sechelela. Huwezi kumsahaulisha."

"Na nikitoa arobaini na watatu, anakwenda Siku, na jalada linashuka maktaba. Watakaolisoma ni wangapi?"

"Hiyo si kazi yetu. Maktaba ni ya bunge."

"Mpango ni wa nani?"

"Wa mshitakiwa."

"Wa mshitakiwa uliua wawili na mbwa, mkuu. Waliobaki arobaini na mmoja nimewaua mimi. Stendi nimeua mimi. Uwanja wa mpira, mimi. Yeye ni mwanafunzi wangu aliyefanya kazi ya nyumbani."

Bwana Kirumbuyo si mtu mbaya. Ana wajukuu, na hufuga kanga nyuma ya nyumba yake. Aliinua kikombe, akakuta kimekwisha, akakirudisha.

"Nenda kapumzike," alisema. "Kesho utasema arobaini na watatu, na Jumatatu tutaongea na bunge."

Tumekuwa tukiongea na bunge Jumatatu kwa miaka kumi na moja.

Nilirudi nyumbani nikaisoma Sheria ya Njama, ambayo nilidhani naijua. Kifungu cha kwanza ni kifupi: *Mtu yeyote ambaye, kwa kujua, atapanga namna ya kuua watu mahali pa hadhara, akaipima na kuikamilisha, ametenda kosa la njama, hata kama hakuna aliyedhurika. Mzaha, mazoezi au utafiti si utetezi.* Sentensi ya mwisho iliongezwa kwa sababu wauaji wote walikuwa wakidai wanatania. Nilitafuta mahali palipoandikwa "isipokuwa mpimaji." Hapapo. Hakuna aliyefikiri kwamba patahitajika.

*

"Koooti!" askari alipaza sauti, tukasimama.

Jaji Mwantumu Hizza aliingia, akakaa, akavaa miwani. Ukumbi ulijaa. Watu wa Mlowa Mpya walikuwa wamekodi basi, na safu ya tatu nilimwona Mama Ndahani, kilemba kipya kichwani, barua yake mkononi. Elikana alikuwa kwenye benchi la washitakiwa, peke yake, amenyoa ndevu.

"Mpimaji," alisema Jaji, "Idadi Tarajiwa?"

Hiyo ndiyo sehemu yangu. Husimama, nikataja namba, nikakaa. Mara thelathini na moja nimefanya hivyo kwa sauti ya kutangaza wakati wa basi.

"Mheshimiwa Jaji, kwa mpango wa mshitakiwa, Idadi ni wawili."

Watu walinguruma. Mwendesha mashtaka aliruka. Nilimwona Bwana Kirumbuyo akifumba macho. Elikana naye alikunja uso, kama mtu aliyepunjwa.

"Na mpango uliorekebishwa?" aliuliza Jaji.

"Arobaini na watatu. Ila huo si wake. Huo ni wangu, mheshimiwa; saa ya nyama ya kwanza nimeiweka mimi. Nimeupanga kwa kujua, nimeupima, nimeukamilisha. Ninao mingine thelathini na moja katika maktaba ya ghorofa ya chini. Huyu bwana ameisoma yote, na amekiri kwa mdomo wake mbele ya askari magereza kwamba ndimo alimojifunza. Najishitaki chini ya kifungu cha kwanza, na ninaomba majalada yote thelathini na mbili yapokelewe kuwa vielelezo katika kesi yangu."

Jaji alivua miwani. Ni mwanamke mwepesi wa kuelewa kuliko sisi wote mle ndani, na niliona alivyokifikia kile nilichokitaka: vielelezo vya kesi isiyoamuliwa hufungiwa.

"Unajua unachokisema, Bi Sechelela Chilongani? Kwa Idadi zako zikijumlishwa..."

"Sijazijumlisha, mheshimiwa."

"Kesi ya namna hii inaweza kuchukua miaka."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na mtu aliyejifunza kwako atakuwa mshitakiwa mwenzako. Naye atasubiri mahabusu."

"Ndiyo."

Aliandika kwa muda mrefu. Kisha alimgeukia Bwana Kirumbuyo. "Mkuu wa kitengo. Sheria inataka mpimaji mwingine ampime huyu. Utalazimika kukaa kwenye Kioo na kuipitia mipango yake, na ikibidi, kuirekebisha. Uko tayari?"

Bwana Kirumbuyo alisimama nusu. Aliitazama mikono yake, akanitazama mimi, akamtazama askari. Akakaa tena bila kujibu, na hakuna aliyemlazimisha.

"Maktaba ifungwe leo hii," alisema Jaji. "Mshitakiwa wa pili apelekwe mahali pake."

Askari alinivua bangili ya njano. Nilipopita safu ya tatu, Mama Ndahani alinyoosha mkono akanishika kiwiko. Nilidhani atanishukuru, na nina aibu kwamba nilidhani hivyo.

"Kwa hiyo ni wewe kweli," alisema. "Ile habari ya nyama ya kwanza. Nilikuambia mimi, ukae ule."

"Ndiyo, mama."

Aliuachia mkono wangu, akaufuta wake kwenye kitenge.

Benchi la washitakiwa lilikuwa moja tu. Elikana Masinjisa alipoona naletwa, uso wake ulichanua. Alisogea mpaka mwisho, akapangusa mahali palipobaki kwa mkono wa shati lake safi.

"Karibu, mwalimu," alisema.

Nikakaa.